Majina Ishirini na Saba kwenye Simu ya Albina

Kornel, mtoto wa Albina wa kijiji kile cha nyuma ya Mpui, alikuwa fundi wa data. Ungemuuliza mama yake mwanao anafanya kazi gani, angekwambia, "Anatunza majina ya watu kwenye kompyuta," na kusema kweli hakuna aliyewahi kuieleza kazi ile vizuri kuliko yeye. Kornel mwenyewe angekuchosha. Angeanza na seva, aende kwenye hifadhidata, arudi kwenye nakala rudufu, na wewe umeshasahau ulimuuliza nini.

Tumwache ajisifu kidogo, maana alikuwa na haki. Alianzia chini. Alipomaliza kidato cha sita alikaa mwaka mzima kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, jirani na stendi ya Sumbawanga, akiwachapia watu wengine barua za kuomba kazi. Umeme ukikatika kompyuta inazima, kazi ya mtu inapotea, na mwenye kazi anamtukana yeye, si umeme. Pale ndipo alipojifunza kuhifadhi kila kitu mara mbili. Kisha akaenda Mbeya kuchukua stashahada, na kutoka Mbeya akashukia Dar es Salaam, kwenye kampuni iliyokuwa ikitunza data za kampuni nyingine. Mashine zilikaa kwenye chumba cha baridi kali, wenzake wanaingia na makoti, yeye anaingia na shati. "Hii nayo mnaiita baridi?" alikuwa akiwacheka. "Njooni Ufipa mwezi wa sita."

Miaka saba alikaa mle. Alivuta kebo, akaunganisha seva ili moja ikifa nyingine ishike kazi bila mtu kujua. Alijifunza kuhamisha data za benki kutoka mashine kuukuu kwenda mpya pasipo kupotea hata mstari mmoja. Alijua kuiuliza hifadhidata yenye watu milioni swali moja, na jibu likaja hujameza funda la chai. Wakubwa wakamwamini, na vyeti vikajaa kwenye bahasha ya kaki ambayo mama yake aliiweka pamoja na vyeti vya ubatizo.

Basi ulipokuja mradi mmoja wa pembejeo kutaka mtu wa kujenga daftari la wakulima wa uwanda mzima, kuanzia Kate hadi Laela, nani mwingine angechukuliwa? Akarudi nyumbani. Mradi ulipanga nyumba ya ofisi pale Sumbawanga mjini, na Kornel akaijaza mashine zake. Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka: waandikishaji wanapita vijijini na vishikwambi, mkulima anatoa jina na namba ya simu, na msimu ukifika simu inapokea ujumbe wenye namba ya siri. Unaipeleka ghalani, unapewa mifuko miwili ya mbolea kwa bei ya ruzuku. Makaratasi Kornel aliyapiga marufuku kabisa. Alisema karatasi huliwa na panya, na mkutano mzima ukampigia makofi.

Sasa sikiliza alipokosea, na usiwe mwepesi wa kumcheka, maana hata wewe ungekosea.

Mwezi wa nane, kule upande wa Nkasi, aligundulika wakala mmoja mjanja aliyeandikisha wakulima themanini wa kutunga, wote kwa namba yake mwenyewe. Makao makuu yakachachamaa. Bosi wa Kornel, bwana mmoja mpole aitwaye Maximilian, akamwita na kumwambia, "Tusafishie daftari. Wakulima hewa wote watoke." Kornel akakaa asubuhi moja, akaandika kanuni: namba moja, mkulima mmoja. Majina mengi yakikutwa kwenye namba moja, abaki aliyeandikwa mwisho, wengine wafutwe. Kufikia saa sita mchana wakulima hewa elfu tatu na ushee walikuwa wameondoka. Maximilian alimshika mkono mbele ya wafanyakazi wote. Ripoti ikapanda juu, daftari likafungwa, na kanuni ya kufunga alishaiweka Kornel mwenyewe: likifungwa halifunguki mpaka msimu mwingine, asije mtu akachomeka majina kwa mlango wa nyuma.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeshagusa, Albina alikuja mjini na kiroba cha unga wa ulezi, na simu yake akiwa ameifunga kwenye kona ya kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu nisomee hii. Imelia tangu juzi, na kila mmoja anauliza ujumbe wake uko wapi."

Kornel akasoma. Ndugu Zita, mbolea yako iko tayari, namba yako ya siri ni hii, fika ghala la Mpui kabla ya tarehe fulani.

Zita alikuwa jirani wa Albina, bibi kizee asiyejaliwa mtoto, na walikuwa wamemzika mwezi wa nane. Jumuiya yao ndogo ya kanisa pale kijijini ndiyo iliyomchimbia kaburi na kumsomea rozari, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Kornel alijua hayo yote, alituma rambirambi. Alichokuwa hajui akamuuliza mama yake wakati huo huo.

"Mama, Zita alitoa namba ya nani?"

"Yangu. Si wote tulitoa yangu?" Albina alishangaa kuulizwa jambo la wazi namna ile. "Simu ya jumuiya ni hii uliyoninunulia. Kwa Justa hakuna mtandao, ya Rozina ilitumbukia kisimani. Mtu akipigiwa na mwanawe, mimi ndiye ninayekwenda kumwita. Siku ile ya kuandikwa tulipanga mstari hapo kanisani, na Zita alikuja wa mwisho, anajikongoja na fimbo."

Ishirini na saba walikuwa, wengi wao wajane. Ishirini na sita wakafutwa, Albina akiwa mmojawapo, akabaki aliyeandikwa mwisho. Kati ya watu wote wale, kompyuta ilimwamini marehemu peke yake.

Kornel alimwachia mama yake chai na kwenda ofisini mbio. Kwanza alifungua nakala rudufu. Nakala zilikuwa zinakaa siku thelathini kisha zinajifuta zenyewe, na siku hizo alizipanga yeye, ili kuokoa nafasi. Akampigia simu Rhoda, binti aliyewaandikisha wale wanawake.

"Kaka Kornel, mimi niliandika," Rhoda alisema. "Kwenye ile safu ya maelezo, mbele ya kila jina, niliweka 'simu ya jumuiya.' Hukuona?"

Hakuona. Safu ya maelezo alishaikata wiki za mwanzo, ya wanawake wale haikuwahi kufika kwenye seva. Waandikishaji walikuwa wanaandika mle habari za mvua na ng'ombe, na mfumo ukawa mzito. Vishikwambi navyo hujisafisha vikishapakia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia, kisha akaivuta ngazi ndani.

Akarudi nyumbani, na mama yake akimtajia, akayaandika upya majina yote kwa mkono, kwenye karatasi, ndiyo, karatasi ile ile aliyoipiga marufuku, akaipeleka kwa Maximilian. Mzee wa watu aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hawa ni kweli wapo?"

"Mmoja ni mama yangu, bosi."

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini juu tumeshaandika kuwa ni hewa. Wewe ndiye uliyeandika, mimi nikatia sahihi. Na kufungua haiwezekani, ulitueleza mwenyewe, na ukatueleza vizuri."

Hakuwa na hila Maximilian, alisema tu kilichokuwa kweli. Kornel alituma ombi makao makuu hata hivyo. Likarudi jibu ndani ya dakika moja: ombi lako limepokelewa, litashughulikiwa. Alilifahamu jibu lile. Hakuna binadamu aliyeliandika. Mashine hulituma yenyewe, naye alishatengeneza mengi ya namna hiyo huko Dar. Akasubiri siku nane, na mvua inanyesha. Usiku alikuwa akiamka, anafungua kompyuta, anatazama zile mashine zake zikiwaka taa za kijani, zote nzima, hakuna hata moja inayoumwa.

Alitaka kumnunulia mama yake mbolea ya dukani. Albina akakataa katakata.

"Niweke mbolea shambani kwangu, wenzangu wanaangalia? Nunua ya wote au acha."

Ya wote hakuiweza. Na ardhi ile ya uwanda, asiyeijua aulize: mahindi bila mbolea hutoka njano, yanakufika magotini, yanasimama hapo. Zamani wale mama walilima ntumba, wanafukia nyasi kwenye matuta zioze, zilishe ulezi. Lakini ntumba hufukiwa masika yakielekea kuisha, ukavuna mwaka wa pili, na kwa jembe linalotaka mikono yenye nguvu. Wale wanawake mikono ilishakwisha.

Jumamosi asubuhi akaenda kijijini kwenye sala ya jumuiya. Sala ilipokwisha akasimama, akawaambia yote, bila kumtupia lawama mtu mwingine. Justa, mwenyekiti wao, ndiye aliyejibu.

"Sasa mwanangu, kama aliyetufuta ni wewe, si utuandike tena?"

"Siwezi, mama."

"Umesoma miaka yote hiyo, ukapewa kalamu ya kufutia tu?"

Hakusema kwa ubaya, alitaka kujua. Kornel akakaa chini kwenye mkeka kati yao. Mmoja akamsogezea kikombe cha togwa, maana mgeni ni mgeni. Kikombe kile kilimwuma kuliko swali.

Ndipo Albina akafungua kona ya kitenge, akatoa simu. Akasema, "Mifuko ya Zita iko ghalani. Namba yake ninayo mimi. Zita hakuwahi kumnyima mtu akiwa hai."

Wakapiga hesabu za visado. Mifuko miwili kwa wanawake ishirini na sita, kila mmoja angepata kisado kisichojaa, cha kuweka kwenye mistari michache jirani na nyumba, angalau mboga na mahindi ya kuchoma. Wakakubaliana, na bei ya ruzuku wakaichanga. Kornel alijua jambo lile linaitwaje kwa lugha ya ofisini kwake. Alijua pia kwamba mfumo wake ukishaona Zita amechukua, utamhesabu ni mkulima hai, na msimu ujao utamtumia ujumbe tena. Angewaambia wafanye nini badala yake?

Jumatatu walikwenda ghalani Mpui, yeye na mama yake, na baiskeli ya kubebea. Albina alivaa kitenge cha kanisani. Mwanamke huyu hajawahi kusema uongo hata wa kuku kupotea, na njia nzima alikuwa anashika rozari mfukoni. Walipofika kwenye foleni, akamvuta mwanawe mkono, akamnong'oneza:

"Hapa usiniite mama. Zita hakuzaa."

Kornel akaitikia kwa kichwa. Foleni ikasogea. Karani alikuwa kijana mpya aitwaye Yonas, mwenye adabu zake, akainuka kidogo kwenye kiti.

"Shikamoo, bibi. Nani jina?"

"Marahaba. Zita."

Yonas akaichukua simu, akalinganisha namba ya siri na kioo chake, ikakubali mara moja bila kusitasita. Mfumo ulikuwa umejengwa vizuri. Akamwekea kitabu cha ghala lenyewe, Albina akabonyeza dole gumba kwenye wino, na kulikandamiza mbele ya jina la mwenzake. Kisha Yonas akamgeukia Kornel, maana mzee akija na mtu wa kumbebea lazima aandikwe.

"Na wewe, kaka, ni nani wake?"

Albina alikuwa anatazama ukutani.

"Jirani," Kornel akasema.