Siku Kaku Alipobeba Sakoshi Yangu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na marehemu mume wangu alinitania kwa hilo mpaka alipofariki. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana mgeni alikuuliza yule msichana wa Lubudi anayekusaidia kazi anaitwa nani, ukajibu, "Ule? Ni boyesi yangu." Boyesi, yaani mtumishi wa nyumbani, ni kazi, si jina. Keti, chai bado ina moto.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, hapa hapa Kapata, mtaa wa Kolwezi. Baba alifanya kazi mgodini, na watu wetu walitoka Kasai. Kwetu aliishi Kapinga, binti wa shangazi, rika langu. Aliletwa ili asome, lakini nyumba ilikuwa na watoto saba, na masomo yake yakasahauliwa. Alichota maji, alifua, na kila asubuhi alinibebea sakoshi ya vitabu mpaka langoni pa shule, kisha akarudi. Mimi niliona ni sawa tu.

Mwaka ule mwalimu alitufundisha habari za Amerika ya miaka kama mia mbili iliyopita. Watu weusi waliuzwa mnadani kama mbuzi, mama huku, mtoto kule. Akatueleza na habari za waliokataa: watumwa waliotoroka wakasimama hadharani kusema waliyoyaona, wanawake walioambiwa wanyamaze wakaenda nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kupinga utumwa, na familia zilizokunywa chai bila sukari kwa kuwa miwa ilikatwa na watumwa. Nililia darasani, nami nikaacha sukari siku tatu. Siku ya nne mama alipika uji, tusiseme mengi.

Kwenye sikukuu ya shule nilichaguliwa kusoma hotuba mbele ya wazazi. Nilipofika hapa nilipaza sauti: "Wengine walipinga utumwa kwa mdomo, lakini kanisani hawakukubali kuketi benchi moja na mtu mweusi!" Watu walipiga makofi. Kaku, bibi yangu mzaa baba tuliyeishi naye, alipiga vigelegele.

Tulipotoka, Kapinga alikuwa anatungoja langoni. Rafiki yangu akauliza, "Ule ni nani?"

Nikacheka. "Ule? Ni mupika yetu."

Mupika, kwa lugha ya kwetu Kasai, ni mtumwa. Nilidhani ni utani. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilijikwaa ulimi wote. Kapinga aliinamisha kichwa. Kaku alikuwa nyuma yangu, akasikia yote. Jioni Kapinga aliomba arudishwe kwa mama yake, na baba akakubali.

Asubuhi Kaku aliitwaa sakoshi yangu, akajitwika kichwani. Mwanangu, unajua kwetu ni aibu gani mzee kumbebea mtoto mzigo. Majirani walitoka milangoni.

"Kaku, acha, batu banatuangalia!"

"Baangalie. Unatafuta mupika? Mi niko hapa."

Jirani akamuuliza kuna nini. "Napeleka madamu ku masomo," akajibu, akaendelea na mwendo wake wa polepole. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya Kolwezi, kwa mashimo yote iliyo nayo, ilinikatalia.

Langoni aliitua. "Mama mwenye alizala mama yangu, balimuuzisha juu ya kupata chumvi. Alikuwa mutoto kama Kapinga. Mi natoka mu damu ya mupika, na weye vilevile. Ile maneno ulisoma jana, uliisomea nani?"

Sikuingia darasani. Nilikimbia nyumbani nikamkuta Kapinga anafunga nguo zake kwenye kitambaa. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, huku machozi na kamasi vikinitoka.

"Mi nilitaka tu uniite jina," akasema.

Kaku alimwambia baba kuwa Kapinga akienda, na yeye ataondoka naye. Juma lililofuata Kapinga aliandikishwa shule pamoja na watoto wadogo, magoti yake yakigonga dawati. Tulitembea pamoja, kila mmoja na sakoshi yake. Ndiye mkunga aliyekupokea ulipozaliwa, huyo unayemwita Mama Mukubwa.

Basi sikia, mwanangu. Kulaani utumwa wa mbali ni rahisi, maana nyani haoni kundule. Utumwa wa karibu huanza pale unapoona jina la mtu halina kazi. Msichana wa watu mwite jina lake, mketishe mezani pako, na kama aliahidiwa shule, apelekwe shule.

Mungu akupe ulimi usiomvunja mtu, na mwanao asikose wa kumwita kwa jina popote atakapokwenda. Haya, nenda jikoni ukamwambie aje tunywe chai. Mimi nilimuuliza jana: anaitwa Ngoie.