Mama Chapa na Chaguo la Kwanza

Kufikia Alhamisi, vidole vya Mama Chapa vilikuwa vinajua njia vyenyewe. Jina, namba ya mtihani, alama, machaguo matano ya vyuo vikuu vya umma, tuma. Jina lenyewe la Mama Chapa alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake: kupiga chapa, kunakili, na kila mwaka msimu kama huu, kuwajazia watoto wa watu maombi ya chuo kwenye mtandao. Duka lake lilitosha kompyuta mbili, mashine moja ya kunakili iliyonguruma kama trekta, na benchi. Wiki ile wazazi waliokaa kwenye benchi walikuwa na wimbo mmoja.

"Weka Kikubwa kwanza."

Kikubwa kilikuwa chuo chenye wanafunzi elfu arobaini. Mzazi alisema, Mama Chapa akaandika, mtoto akatazama viatu vyake. Hakuna aliyemuuliza mtoto kitu.

Nyuma ya mashine ya kunakili alikuwepo binti yake mwenyewe, akibana karatasi kwa stepla. Alikuwa amefaulu vizuri, anataka kusomea takwimu, na hadi siku hiyo alikuwa hajajaziwa fomu. Nyumbani walimwita Kimya. Maneno yake ya siku nzima ungeyahesabu kwa vidole, na vidole vingine vikabaki bila kazi.

Mjomba wake aliingia na tangazo la mnada la kunakili. Huyo alikuwa dalali wa samani kuukuu, mtu ambaye hata salamu aliitoa kama ananadi kabati.

"Dada! Huyu bado tu? Mpeleke Kikubwa akachangamke. Arudi na mdomo!"

"Mdomo anao," alisema Mama Chapa.

"Anao wa kulia tu! Wewe Kimya, si unataka Kikubwa?"

"Sawa, mjomba."

"Umesikia? Kazi imekwisha."

Alipoondoka, Mama Chapa alisukuma kiti nyuma. Alikuwa amechoshwa na kaka yake, amechoshwa na benchi, lakini zaidi ya yote alichoshwa na ile "sawa". Mtu mwingine akikukatalia, angalau unajua pa kuanzia ugomvi.

"Sawa, sawa, sawa! Miaka mitatu utakaa wewe huko au mjomba wako? Sema basi! Mimi si mganga, siwezi kusoma kilichomo kichwani mwako."

Binti alichomoa karatasi chini ya stepla na kuiweka juu ya kibodi. Mwandiko mdogo, safi.

"Kikubwa: darasa watu mia nane. Siku ya wageni nilikaa safu ya ishirini na nane, mhadhiri nilimwona nywele. Chumba watu wanane. Nilimwandikia mkuu wa idara mara tatu, hakujibu.

Kile chuo kidogo cha mlimani: darasa watu thelathini na tano. Chumba watu wawili. Nilimwandikia mkuu wa idara mara moja. Alijibu kurasa mbili."

Mama Chapa aliisoma mara mbili. "Hii umeiandika lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na ulikuwa unasubiri nini, mwanangu?"

"Benchi lipungue watu."

Benchi halikupungua. Kwa hiyo alimjazia pale pale, kati ya mteja na mteja, huku baba mmoja akimgonga begani na mwingine akilalamika kuwa wino umefifia. Jina, namba, alama, machaguo, tuma. Mashine ikatema nakala. Binti aliiangalia, akaiangalia tena, kisha akamkabidhi mama yake.

Chaguo la kwanza: Kikubwa.

"Mungu wangu!" Mama Chapa alimaka hadi benchi zima likageuka. Vidole vilikuwa vimeandika vilichozoea. Mara mia mbili wiki hiyo vilikuwa vimeweka Kikubwa juu, na kwa mtoto wake mwenyewe vikafanya vilevile.

Maombi yalikuwa yanafungwa Jumamosi, lakini aliyekwisha kutuma hakuweza kubadili mtandaoni. Ilibidi aende ofisi ya udahili kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa. Kwenye mlango wa ofisi hiyo palibandikwa kanuni: "Mwombaji ajieleze mwenyewe kwa mdomo. Mzazi asubiri nje. Barua hazipokelewi."

Kesho yake Mama Chapa aliisoma akiwa kwenye foleni, damu ikimchemka. Yaani mtoto anayekimbia kelele alitakiwa akapige kelele kwanza, ndipo apewe ruhusa ya kwenda mahali penye utulivu! Aliyetunga kanuni hii bila shaka alikuwa mtu wa kupenda sauti yake mwenyewe. Na shule nzima, miaka kumi na mitatu, iliwapigia makofi wa aina yake tu.

Mjomba naye alikuwa amekuja. "Nipishe nikamsemee," alisema. Mama Chapa alimshika shati, akalishikilia.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, feni kuukuu ilikuwa ikipiga kelele juu ya kichwa cha karani.

"Sababu?" karani aliuliza. Binti alisema kitu. "Sisikii! Ongeza sauti!"

Binti hakuongeza sauti. Alinyoosha kidole kwenye feni, akasubiri. Karani alimkazia macho, akasonya, kisha akaizima. Korido nzima ikatega sikio.

"Kosa si la mama yangu," alisema kwa sauti ile ile ya siku zote. "Amejaza fomu mia mbili wiki hii, na zote zilisema hivyo. Kikubwa ni kizuri kwa anayekipenda. Mimi nikikaa safu ya ishirini na nane sitauliza swali hadi nihitimu, na takwimu bila kuuliza ni kukariri tu. Kile cha mlimani nimeshauliza maswali sita. Yamejibiwa yote."

"Wewe? Maswali sita?"

"Kwa barua, dada."

Karani alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akageuza skrini, akabadili chaguo, akagonga muhuri.

Nje, mjomba alikuwa bado ameduwaa. "Kumbe unaweza kuongea! Siku zote ulikuwa wapi?"

"Leo ndipo feni imezimwa, mjomba."

Jioni ile benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Baba mmoja alimsukuma kijana wake mbele. "Weka Kikubwa kwanza, mama. Tuna haraka."

Mama Chapa alinyoosha mkono akaizima mashine ya kunakili.

"Nataka kumsikia mwenyewe."

"Huyu? Huyu haongei, utakesha!"

"Basi nitakesha," alisema Mama Chapa, akatoa vidole vyake kwenye kibodi.