Mgonjwa Wangu wa Mkonze

Mara ya kwanza nilifeli mtihani wa leseni ya uuguzi, upande wa vitendo. Wenzangu niliokuwa nikijisomea nao walifaulu wote, wakatawanyika mikoani kutafuta kazi. Mimi nikabaki katika chumba nilichopanga Mkonze, nikisubiri kurudia. Kwenye kundi letu la simu walizungumzia zamu na wodi. Nilisoma bila kujibu. Mama alipopiga kutoka Kondoa, nilimwambia naendelea vizuri, kisha nikasingizia chaji imeisha.

Nilifanya mazoezi kwa mto. Niliulaza kitandani, nikaufunga bandeji, nikajifanya naupima presha kwa mashine niliyoazima chuoni, huku nikihesabu hatua kimoyomoyo. Zilipita siku ambazo mtu pekee niliyesema naye alikuwa muuza duka.

Mchana mmoja wa upepo na vumbi, mama mwenye nyumba, mjane aliyeishi peke yake nyumba ya mbele, alisimama mlangoni.

"Unaufanyia nini huo mto?"

Nikamweleza. Alivua kandambili, akausogeza mto pembeni, akajilaza.

"Haya. Mimi ndiye mgonjwa."

Nilinawa mikono, nikaushika mkono wake nimfunge mashine. Akauvuta.

"Mbona hujanisalimia?"

"Si nilikuamkia asubuhi, bibi?"

"Asubuhi nilikuwa mwenye nyumba wako. Sasa nimetoka Chamwino, naumwa, na wewe sikujui."

Niliiweka mashine kitandani. Kwenye mtihani nilikuwa nimemhudumia yule mgonjwa kwa hatua zote, kimya, wala sikumtazama usoni. Hakuna aliyeniambia kwa nini nilifeli, lakini siku ile nilihisi nimejua.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Mimi ni muuguzi. Naomba nikupime presha. Utasikia mkono unabanwa kidogo."

"Marahaba. Nipime."

Akawa anakuja kila alasiri. Leo kavunjika mguu, kesho ana kidonda na hataki kiguswe mpaka aelezwe. Tukimaliza hakuwa na haraka ya kuondoka. Aliniambia tangu mumewe afariki, redio ndiyo inayoongea nyumbani kwake.

Siku moja presha yake ilisoma juu sana. Nikasubiri, nikarudia, nikarudia tena.

"Bibi, leo si mazoezi. Twende zahanati."

"Unanitania."

"Sikutanii, bibi. Vaa viatu."

Alinitazama, akavaa. Zahanati walimwanzishia dawa. Jumapili mwanawe alikuja kumchukua akakae naye Mtera, asije akaanguka ndani peke yake. Bibi alinishika mkono muda mrefu, akaniachia funguo ili niwe nafagia ndani na uani. Nyumba ya mbele ikafungwa.

Wiki mbili zilizobaki kabla ya mtihani sikuweza kuugeuza mto kuwa mgonjwa tena. Nilikaa kwenye kiti, nikasema maneno yote kwa sauti ukutani. Siku ya mtihani nilimwamkia mgonjwa, nikajitambulisha, nikamuuliza kama ana baridi. Niliendelea kuongea naye mpaka mwisho.

Matokeo yalitoka nikiwa nafua. Nilifaulu. Mama alilia kwenye simu. Kisha nikapiga Mtera, akapokea mwanawe bibi.

"Amelala," alisema. "Nimwamshe?"

"Mwache apumzike. Mwambie nimefaulu."

Nikamalizia kufua. Ua wote ulikuwa wangu peke yangu, nikaanika nguo kamba nzima.