Taarifa za Kiotani

Kazini walimwita Darubini, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na mama yake. Kazi yake ilikuwa kukaa kutwa nzima kwenye kibanda cha turubai msituni, akiandika mlamba ameleta nini kiotani. Mlamba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda, ukimtazama utadhani mvivu. Ametulia tawini kama hana habari, kumbe kereng'ende akipita tu, keshamnasa hewani, anarudi kumpigapiga kwenye tawi lilelile, kisha anawapelekea watoto. Amri ya kituo cha utafiti ilikuwa moja: tazama, andika, usiingilie.

Nyumbani, mkewe fundi cherehani alikuwa amekifunika cherehani chake tangu mtoto wao wa kwanza alipofia hospitalini, siku ya tatu tu tangu azaliwe. Hakuwa na hamu ya kula wala ya kusema. Darubini alishikwa na woga kwamba atampoteza na yeye. Jioni moja, kwa kukosa la kusema, akamsimulia habari za vifaranga watatu wa mlamba. Mkewe akageuza shingo.

"Wameshafumbua macho?"

Tangu hapo alimpokea mlangoni kabla hajavua buti. "Haya, wanetu wamekula nini leo?"

"Panzi wanne, nondo mmoja. Yule mdogo kapitwa na zamu."

"Huyo mama yao ana upendeleo!" alisema, na akacheka. Wiki ya pili alikifunua cherehani.

Ndipo siafu wakapanda mti. Kwa kawaida mlamba huwafurahia siafu, maana wadudu wanaowakimbia ndio karamu yake. Safari hii walielekea kiotani. Darubini alitupa kalamu, akauparamia mti, amri ya kituo akaisahau. Alichelewa. Mama mlamba alirudi na panzi mdomoni, akainama kiotani, akaondoka, akarudi tena na panzi yuleyule. Darubini alilia, mtu mzima na ndevu zake.

Daftarini aliandika ukweli. Nyumbani akasema, "Wameruka. Wote watatu."

Kesho yake, siku ya mapumziko, mkewe alichukua suruali ya kazi kuifua. Toka pindoni hadi magotini vichwa vya siafu vilikuwa vimeng'ang'ania kitambaa. Viwiliwili vimekatika, taya hazijaachia. Akavichomoa kimoja kimoja kwa sindano, kisha akamfuata sebuleni.

"Hawakuruka."

"Hapana," Darubini alisema, macho chini.

"Na wodini uliniambia mtoto amelala chumba cha pili, nisubiri aamke."

"Nilishindwa, mke wangu."

"Nilisubiri mpaka saa kumi. Maziwa yananitoka, wauguzi wananikwepa macho."

Mkewe akavuta kigoda, akaketi mbele yake, suruali mapajani.

"Niambie sasa. Ulimshika?"

"Nilimshika," alisema. "Alikuwa bado na joto."