Redio yangu juu ya manjanja ya wakwe

Niwaambie mimi mwenyewe, maana nikinyamaza mutalisikia kwa majirani, na majirani wanaongezaga chumvi: ndiyo, yule mutu aliyepanda juu ya nyumba ya wakwe zake siku ya kuposa, mbele ya wazee waliokaa na heshima yao yote, ni mimi. Haya imenikaa mwilini mpaka leo, na ninaandika huku nikijifuta uso.

Lakini kwanza muelewe redio ya wakati ule ilikuwa kitu gani. Ninyi leo muko na redio kwenye simu, inasema wazi kabisa, na inasema siasa asubuhi, siasa muchana, siasa magaribi, huyu anamutukana yule. Wakati wa Zaïre siasa ilikuwako pia, tena nyingi, nyimbo za chama na hotuba za Mukubwa tulizisikia mpaka mbuzi walizijua. Ila siku ya posho (Jumamosi, ao samedi kama wasomi wanavyosema) saa ya muchana, kwenye onde moyenne, yale masafa ya kati ya redio, kulikuwa mutu mumoja tuliyemuita Tonton Machozi, sababu alitutoa machozi ya kucheka. Huyo hakugusa siasa hata kidogo. Alieleza mambo ya nyumba tu: bibi na bwana kugombana juu ya kichwa cha samaki, mutu wa Bagira aliyenunua viatu vidogo kwa sababu ya bei, akavibeba mukononi mpaka mulango wa kanisa, akavaa, akasali misa nzima kwa vidole vya miguu. Hakumutukana mutu. Ulimusikia ukafikiri amekaa jikoni kwako. Kadutu nzima, mutaa wetu wa mujini, ilikuwa inanyamaza. Hata muchuuzi wa sambaza, vile visamaki vya ziwa, aliacha kuita wateja akasimama chini ya dirisha langu.

Dirisha langu, nasema vizuri. Masomo mimi nilifika mwaka wa tatu wa primaire, baba akafa, nikaenda Minova kubeba mifuko ya maharagi kwenye mashua, na kwa mugongo huu huu nikafungua duka, nikanunua redio kubwa yenye ngozi na mushipi, majiwe (betri) sita ndani. Hakuna aliyenisaidia. Kwa hiyo nilipopenda binti wa kijijini Nyantende anayeitwa Nsimire, na familia yake ikakubali tuende kujionesha siku ya posho, nikaamua kitu kidogo, kidogo kabisa: nitaenda na redio yangu.

Tonton Déo, ndugu ya baba yangu, ndiye alikuwa musemaji wetu (majina ya Kikristo kama hilo yalikuwa yamekatazwa na serkali, lakini nani angemuita kwa lile lingine?). Akaitazama ile redio begani mwangu.

"We, tunaenda kuomba bibi ao tunaenda kuuza?"

"Tonton, wataona mimi ni mutu."

"Wataona uko na kelele. Kule kwao mukwe anakaa chini, anainamisha kichwa, anafunga kinywa. Mimi njo nasema. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimevaa abacost mupya, ile suti ya Zaïre isiyo na tai, ya rangi ya kahawia, suruali imenibana vizuri, nikajiona waziri.

Tukafika. Nyumba ya Muzee Bahizire ilikuwa ya kwanza kwenye ule mulima kupata manjanja, yale mabati ya kuezekea, wengine wote walikuwa wangali na majani, na mwenyewe alijivuna nayo kama mimi na redio. Mutu mugumu. Watu walisema meno yake hakuna aliyeyaona. Amekaa kati ya shemeji zake, wandugu wa bibi yake, ambao walikuja tangu asubuhi kusaidia kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kasiksi ingine ilikuwa ingali kwenye muvure, ule mutumbwi wa muti wa kukamulia ndizi, karibu na ukuta. Mama mukwe hatukumuona, alikuwa nyuma ya migomba: kwao mama mukwe na mukwe hawatazamani uso kwa uso mpaka mambo yaishe. Nikakaa chini, kichwa nimeinamisha, kinywa nimefunga. Tonton Déo akaanza kusema maneno yake matamu. Yote yalikuwa yanaenda vizuri, wangu, vizuri sana.

Muzee akanyoosha kidole.

"Hiyo sanduku ni ya nini?"

"Ni redio ya mutoto wetu," Tonton akajibu, na akanikanyaga muguu.

"Basi ifunguliwe tusikie."

Nikafungua. Kshhhhhh. Nikageuza huku, kshhhhh. Nikageuza kule, mulima uko katikati yetu na mji, kshhhhh tu. Shemeji mumoja akauliza, "Iko inakaanga karanga?" Mwingine akasema, "Hapana, iko na mafua, muipe maji ya moto." Watu wakaanza kucheka mu pua. Musikie sasa upumbavu: ningeweza kufunga redio nikakaa. Lakini ilikuwa saa ya Tonton Machozi, nilijua yuko ndani ya ile kshhh anasema, na hawa watu wananiona mimi ni mutu wa uongo. Nikasahau yote. Nikafungua kinywa:

"Inaomba waya tu, Muzee. Mujini ninaifungaga kwa manjanja."

Mukwe amesema! Tonton Déo akafunga macho. Muzee hakujibu, na mimi nikachukua ile kimya yake kama ruhusa. Nikatoa waya mufukoni (ndiyo, nilikuwa nao mufukoni, nitafanya nini?), nikaufunga kwa redio, nikapanda kwa mapipa ya maji, nikagusisha waya kwa manjanja, bure, kuna kutu. Nikajivuta juu zaidi, nikakwangua kutu kwa ufunguo wa duka, nikakandamiza waya pale kwa kidole.

Na sauti ya Tonton Machozi ikatoka kwenye lile boma, wazi, nzito, kama mutu ameingia na kiti chake.

Nikaachilia waya ili nishuke. Kshhhh.

"Usiachilie!" wakalia wote. "Mukwe, rudisha kidole!"

Nikarudisha. Sasa niko juu ya nyumba ya baba mukwe, nimelala tumbo, kidole kimekandamiza, chini watu wanakuja kutoka kwenye migomba na mashamba, na Tonton Machozi anaeleza juu ya baba mumoja aliyesikia shemeji zake wanakuja kukaa, akajificha chini ya kitanda akidanganya amesafiri, na shemeji wakafika, wakakaa juu ya kile kile kitanda, siku ya kwanza, siku ya pili, wiki nzima, wanakula kuku zake, naye chini anahesabu mifupa inayoanguka. Muzee Bahizire akawatazama shemeji zake, mumoja mumoja, na kasiksi mikononi mwao. Halafu nikaona meno. Alikuwa nayo yote! Alicheka mpaka akashika mugongo, na shemeji nao wakacheka, walikuwa hawana njia ingine.

Mimi nikainua shingo kuona vizuri, na njo pale suruali ya abacost ikapasuka. Prrraa. Kuanzia mushipi mpaka pale ninyi munajua. Nikageuza kichwa: chini yangu kabisa, kwa mulango wa jikoni, mama mukwe ametoka kusikiliza redio, macho ameyainua.

Akapiga ukelele, akajifunika na kitenge. Mimi nikataka kujifunika na mukono, na mukono ni ule wa waya, na manjanja ilikuwa na unyevu. Nikateleza. Sikuanguka chini, hapana, hiyo ingekuwa heri. Nilianguka mzima mzima ndani ya muvure wa kasiksi.

Redio: kshhhhhh.

Nikasimama ninadondoka kasiksi, nimeshika suruali nyuma kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka tena. Muzee akainuka, meno yamerudi ndani.

"Kwetu juu ya nyumba ya mutu wanapanda akisha kufa," akasema. "Wewe umenipanda ningali hai. Umevua mbele ya bibi yangu. Umeoga pombe ya wageni wangu. Déo, mutoto wangu Nsimire nimupe huyu?"

Tonton Déo, musemaji mukubwa, akafunga macho tena. Nilimuona Nsimire kwa mulango, machozi yanashuka, nikajua nimempoteza kwa ajili ya waya.

Sasa sauti ikatoka nyuma ya kitenge. Mama mukwe hakusema nami, alisema na bwana yake.

"Baba Nsimire. Yule wa chini ya kitanda, alitoka?"

Muzee akamutazama bibi yake, akaitazama redio, akawatazama shemeji.

"Sijui," akasema. "Huyu mupumbavu aliachilia."

Halafu akasema polepole, kama mutu anayeumwa na jino: "Murudi siku ya posho ingine. Mulete mbuzi mumoja juu ya manjanja yangu na mbuzi ingine juu ya kasiksi. Na hiyo sanduku. Huyu atakaa chini."

Tuliporudi, Muzee alikuwa amesimamisha muti murefu wa eucalyptus katikati ya boma, na waya juu yake, ameufunga mwenyewe. Siku ile nilikaa chini mpaka magoti yakafa, sikusema hata "hm", wakanipa Nsimire, na huyu hapa sasa ananiambia nisiandike habari ya suruali. Lakini Tonton Machozi alieleza hadisi ingine kabisa, na ile ya kitanda hakuirudia. Baba mukwe aliniuliza kila nilipoenda kumusalimia, "Yule alitoka?", na alizikwa bila kujua, na mimi pia sijui. Mutu wa redio ya namna ile, ambaye mukwe wako anamuuliza habari zake mpaka kaburini bila kuuliza hata siku moja yuko chama gani, munipatie leo mumoja tu.

Mimi mambo ya manjanja nimemaliza. Hata nyumba ya mutu ikiwaka moto, nitaleta maji, nitapiga kelele, nitaita jirani, lakini juu sitapanda.