Mungwa wa Kutia Jiweni

Mvua ya asubuhi ikiisha, baraza ya mama yangu huku mjini kwetu, komini ya Tshopo, hujaa mwanga laini, na mtu akikaa hapo husahau alichokuja kufanya. Mimi nilikaa na lenzi na kibano, maporomoko ya mto yakinguruma kwa mbali, nikitenganisha punje za jiwe la itale: feldispa ya waridi sahani hii, ulanga mweusi unaong'aa sahani ile. Baada ya muda sikujua tena kama nimo barazani au ndani ya jiwe. Nilikuwa na furaha ambayo hata sikuitafutia sababu.

Jiwe lilitoka kaskazini, mbali kupita Bengamisa. Nililileta kwa pikipiki, nimelipakata kama mtoto mgonjwa. Nilichotafuta ndani yake ni potasiamu. Atomu zake hazina uzito mmoja: nyingi ni nyepesi, chache ni nzito kidogo. Feldispa na ulanga vilizaliwa katika uji mmoja wa moto, lakini havikugawana atomu hizo sawasawa. Moto ulipokuwa mkali tofauti ilikuwa kama haipo; jiwe lilivyozidi kupoa, ndivyo kila kimoja kilivyozidi kushika chake. Tofauti hiyo ndiyo huonyesha jiwe liliganda kwa joto gani, lakini ni ndogo mno, na mashine ya kuipima chuoni kwetu hatuna. Mwalimu wangu alikuwa anasafiri mwisho wa juma, angebeba punje zangu hadi maabara ya ng'ambo. Zikifaa, nami ningefuata kwenda kusoma huko. Zisipofaa, nafasi ilikuwa ya mtu mwingine.

Mama alilijua hilo, na juma zima alilia kichinichini akidhani simwoni. Siku moja akauliza potasiamu ni kitu gani. Yeye ni mtu wa mto, wa upande wa Isangi, na bado anatengeneza mungwa wa kwao, chumvi ya majivu: huchoma maganda ya ndizi na magugu ya majini, huchuja majivu kwa maji, kisha huchemsha mpaka sufuria ibaki na unga wa kijivu. Nikamwambia potasiamu ndiyo hiyo iliyojaa kwenye mungwa wake. Akacheka kwa fahari. Nami nikajiona mwalimu hodari kweli.

Kesho yake nilirudi kutoka chuoni nikakuta punje zangu zote zimelowekwa katika mabakuli mawili ya maji ya majivu. Mama alikuwa akizikoroga taratibu kwa mwiko, huku akiimba. Alinieleza kwa utulivu kwamba ameziongezea potasiamu, ili watu wa kule wakipima wakute iko nyingi.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia ameniharibia kazi, kwamba sasa mashine itapima jiko lake badala ya jiwe langu. Akauweka mwiko chini. Ndipo nikakumbuka yale machozi.

"Mama, si wewe hautaki niende?"

"Sitaki," akasema. "Lakini kama unaenda, bon, basi, usiende mikono bule."

Hasira iliniisha hapohapo, nikabaki na aibu na mapenzi vimechanganyika. Ningeweza kuziosha punje zile, lakini nisingeziamini tena. Bahati nzuri kilikuwa kimebaki kipande cha jiwe ukubwa wa ngumi. Nikasugua kinu cha chuma, nikaponda, nikachekecha, nikaanza upya. Mama alikaa mbali, mikono mapajani, akiogopa hata kupumua kuelekea kwangu. Nikamwita. Akanawa kwa sabuni mara mbili, akachukua kijiti chenye ncha, akaja kuokota ulanga nami nikaokota feldispa.

Vumbi la ulanga lilitushika mikononi, na jua lilipopenya mawingu tuliwaka sote wawili, mama na mimi, vimulimuli vilevile hadi viwikoni. Sikutaka sahani zijae. Zilijaa, na mwalimu akaondoka nazo.

Zilifaa. Siku ya safari yangu mama alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, hakulia. Mlangoni akanitia mkononi kifurushi kidogo cha jani la ndizi, kimefungwa kwa kamba. Nilikijua kabla sijakifungua.

"Hii haiko ya jiwe," akasema. "Iko yako."