Bakuli la Fundi wa Kaloleni

Fundi wa simu wa hapa Kaloleni ni mwanamke wa kucha fupi na sauti ya chini, na haigusi simu inayojiwasha. Akishabonyeza kitufe huifunika kwa bakuli la bati, hukalia viganja vyake, kisha huuliza habari za nyumbani. Binti yangu Winny alikuwa ameiwekea simu yake mfumo mpya, na tangu alfajiri ilikuwa imekwama kwenye nembo. Saa tano chuo cha uuguzi kingemhoji kwa video, na simu yangu mimi ni kabambe tu, ya vitufe bila video. Tukaikimbiza yake kwa fundi.

"Nani amekuwa akiizima?" fundi akauliza.

Nikakiri ni mimi, mara nne.

"Ai, Mama Winny! Simu imehamia nyumba mpya, bado inapanga vyombo, na wewe kila mara unaifukuza!"

Winny akacheka. Fundi akabonyeza kitufe, akaifunika simu kwa bakuli, akavikalia viganja vyake. Ilipobaki dakika kumi nikalinyoshea bakuli mkono, fundi akaupiga kofi. "Ukalie!" Nikaukalia.

Ghafla bakuli likaanza kutetemeka juu ya meza, likilia kama debe la mawe. Yule fundi wa sauti ya chini akaruka kabla yetu, akalifunua, akapiga kigelegele hadi muuza omena wa ng'ambo ya barabara akaitikia. "Imewaka! Kaa hapa, sista, ujibu maswali!" Akamwachia Winny kiti chake. Alipoinua mikono kutunyamazisha, nikaona viganja vyake: mbao za kile kiti zilikuwa zimevichora mistari mirefu, myekundu.